Ngoma Iliyoandikiwa Barua

Kila asubuhi huko Malukhu, mjini Mbale, Magid Wanyera alikuwa na kazi mbili. Kwanza alitoa nje ngoma ya marehemu baba yake, akaiegemeza ukutani ili ngozi ipate jua. Ndipo alipofungua magunia yake ya vitunguu.

"Ngoma kwanza, chai baadaye," mkewe Shadiah alimtania. "Si ungeioa tu hiyo?"

"Nilimkuta nyumbani kabla yako," Magid alijibu. "Wewe ndiye mke mdogo."

Shadiah alicheka. Ngoma hiyo ndiyo iliyowaunganisha. Zamani alikuja Mbale kumtembelea shangazi yake. Ulikuwa mwaka wa imbalu, mwaka ambao Wamasaba wanawatahiri vijana wao. Barabara ilijaa watu, vumbi, njuga na matawi mabichi. Katikati ya vumbi hilo alikuwa kijana mmoja, kadodi, ngoma ya imbalu, shingoni, jasho mpaka kwenye nyusi. Kijana hakumwona. Lakini Shadiah ni mtu wa kutazama. Alimtazama mpaka ngoma ikapotea mtaa wa pili.

Shadiah alilelewa Bugembe, karibu na Jinja, kwa nyanya yake, Haboba Sofia. Wao ni Wanubi, uzao wa askari waliotoka Sudan zamani sana. Majirani wengi waliogopa Kiswahili. Walisema ni lugha ya jeshi. Kwa kina Shadiah kilikuwa lugha ya jikoni. Haboba alikitumia kuomba chumvi, kubembeleza mtoto na kumgombeza kuku.

Jambo moja tu Haboba alilisema kwa sauti ndogo. Katika miaka ile ya bunduki, kaka yake Adrisi alichukuliwa na askari sokoni mchana. Hakurudi.

"Mlimtafuta wapi, Haboba?" Shadiah aliwahi kuuliza.

"Hatukumtafuta, mwanangu. Tuliogopa kuuliza."

Neno hilo Shadiah hakulisahau.

Sasa mwaka wa imbalu ulikuwa umefika tena, na mvua ilikuwa kubwa. Mtaro uliopita nyuma ya soko lao dogo ulikuwa umejaa matope na takataka. Maji machafu yaliingia sokoni. Vitunguu vya Magid vilioza. Watoto watatu waliugua tumbo. Wachuuzi walikwenda ofisi kubwa ya jiji mara nne kuomba mtaro uzibuliwe. Kila mara waliambiwa, "Rudini wiki ijayo."

Siku ya Jumatatu walikutana sokoni. Nandutu, muuza mahindi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alisimama juu ya kreti.

"Tumekwenda mmoja mmoja kama wagonjwa," alisema. "Kesho twende wote! Twende kama tunavyokwenda imbalu. Magid atapiga kadodi. Mkurugenzi wa jiji mwenyewe atatoka kucheza."

Watu walishangilia. Shadiah aliinua mkono.

"Polisi wanajua?"

"Polisi wa nini?" Nandutu alishangaa. "Tangu babu zetu, kuna ngoma iliyoandikiwa barua?"

Kila mwaka wa imbalu watu walijaza barabara, na hakuna aliyewauliza kitu. Basi Jumanne asubuhi wakatoka kama walivyozoea. Walikata matawi. Walishika fimbo na kuzirusha juu, kama wanavyofanya wakimsindikiza kijana wa kutahiriwa.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Magid alipiga, na Shadiah akaona tena yule kijana wa zamani. Lakini walipofika njia panda, watu walisimama kucheza katikati ya barabara. Magari yalikwama. Katika gari moja alikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, akipelekwa hospitali. Dereva alipiga honi. Wachezaji walidhani anawashangilia, wakacheza zaidi.

Polisi walifika. Waliona kundi, wakaona fimbo hewani.

"Toka barabarani! Weka fimbo chini!" askari mmoja alipiga kelele kwa Kiswahili.

Wengi hawakusikia maneno. Walisikia Kiswahili cha mtu mwenye kofia. Nusu walikimbia. Wengine walishtuka, fimbo zikabaki juu. Mara bomu la machozi likapasuka. Macho yaliwaka, akina mama wakaanguka, mahindi ya Nandutu yakakanyagwa.

Magid hakukimbia. Huwezi kukimbia na ngoma ile shingoni, naye hakutaka kuitupa. Askari wawili walimkamata, wakamtia kwenye gari pamoja na ngoma yake.

Sokoni watu walirudi wakikohoa.

"Mimi miguu yangu ni ya ajabu," Nandutu alisema akiosha macho. "Ikisikia 'toka' ya askari, inaondoka kabla yangu. Nimeifuata tu."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimwambia Shadiah, "Kaa kimya, nyabo. Ukienda kule watakuweka na wewe. Subiri, pengine watamwachia." Mwingine alisema, "Tafuta mtu mkubwa. Beba kitu cha kumlainisha afande."

Shadiah alirudi nyumbani, akaketi, akatazama mahali ngoma inapoegemezwa asubuhi. Ukuta ulikuwa mtupu. Akamkumbuka Adrisi. *Tuliogopa kuuliza.* Alisimama, akafunga leso vizuri, akaenda nyumba ya jirani.

Jirani huyo aliitwa Geresom. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiwafasiria watu maneno ya hakimu. Shadiah alimkuta akichambua maharage.

"Mulembe, dada," Geresom alimsalimia. "Nimesikia. Kaa. Wamemkamata saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Ishike hiyo saa kichwani. Katiba ya Uganda inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla saa arobaini na nane hazijaisha, kama hajaachiwa. Magid mwisho wake ni Alhamisi, saa nne."

"Na mimi naweza kwenda kuuliza? Hawatanifunga?"

"Kuuliza si kosa. Ni haki ya Magid kuambiwa sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Ni haki yake ndugu zake wajue alipo. Ni haki yake kuwa na wakili. Na hakuna ruhusa ya kumpiga, hata kama amekosa."

"Wanasema nibebe kitu."

Geresom aliacha maharage. "Usibebe! Dhamana ya polisi ni bure. Anayetaka malipo anakuibia. Beba kitambulisho chako, na chakula cha mumeo."

Shadiah alifikiri kidogo. "Kaka Geresom, sisi tulikosea?"

"Kuandamana si kosa. Katiba inakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sasa niambie, fimbo zilikuwa ngapi?"

"Nyingi. Lakini ni za imbalu!"

"Wewe unajua. Askari aliyetoka mbali anajua? Yeye anaona mti mkononi mwa mtu mwenye hasira. Na mama wa watu alikuwa garini anazaa. Yeye hana haki ya kupita?"

Shadiah aliinamisha macho. "Amefika salama?"

"Amefika, Mungu ashukuriwe. Mtoto wa kike. Lakini polisi nao wana deni lao la maelezo. Kazi yao ni kulinda hata wanaoandamana. Walipaswa kuonya vizuri, mara zaidi ya moja, na kuwapa watu nafasi ya kutoka. Nguvu inakuja mwisho, na iwe kidogo inavyowezekana."

Alasiri hiyo hiyo Shadiah alifika kituoni. Nyuma ya meza alikaa afande mwanamke, jina lake Naigaga, kutoka upande wa Jinja. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wananchi.

"Unataka nini, mama?" Naigaga aliuliza kwa Kiswahili kikali.

Shadiah alisikia kile Kiswahili. Badala ya kuogopa, alikumbuka jiko la Bugembe. Akajibu kwa sauti ile ile ya Haboba akiomba chumvi.

"Shikamoo, afande. Mimi ni Shadiah, mke wa Magid Wanyera. Amekamatwa leo saa nne, yeye na ngoma. Naomba kujua sababu. Naomba kumwona. Na nimemletea chakula."

Naigaga aliweka kalamu chini. "Kiswahili hiki umekitoa wapi? Watu wa hapa wakiniona wanakimbia."

"Bugembe, afande. Kwa Wanubi."

"Bugembe! Shangazi yangu anauza chapati pale barabarani." Uso wake ulilegea. Alifungua kitabu kikubwa. "Mumeo ameandikwa: kufunga barabara, kukusanya watu wenye silaha."

"Silaha ni matawi, afande. Mwaka huu ni wa imbalu."

"Sisi tungejuaje? Mngeandika barua, tungejua. Ningeleta askari wa barabarani waongoze magari."

"Kweli, tulikosea. Nanyi bomu mlilipiga kabla watu hawajaelewa. Akina mama wameanguka. Mwenzetu mmoja amevunjika mkono."

Askari kijana pembeni aliangalia viatu vyake.

"Hilo ni kweli pia," Naigaga alisema polepole. "Onyo lilikuwa la haraka. Andika malalamiko, nitayapokea na kuyagonga muhuri. Usiporidhika, nenda Tume ya Haki za Binadamu. Hakuna atakayekufukuza kwa hilo."

Alimwita Magid. Alitoka na macho mekundu, lakini hakuwa amepigwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ngoma iko wapi?"

"Mimi mke mdogo sijambo," Shadiah alijibu, na machozi yakamtoka.

Jumatano mchana Magid aliachiwa kwa dhamana. Hakulipa hata shilingi. Lakini ngoma ilibaki. "Ni ushahidi," Naigaga alieleza. "Itakaa hapa mpaka faili lifungwe."

Siku zile nyumba ilikuwa kama imefiwa. Asubuhi Magid alitoka, mikono ikatafuta ngoma, ikakosa. Alisimulia habari za baba yake: alivyoipasha ngozi kwa moto wa majani ya migomba, alivyopiga mara tatu taratibu kabla ya kuanza, ili wazee wapate kusogea pembeni.

"Wazee wasogee?" Shadiah aliuliza.

"Ndiyo. Na mtu mwenye mzigo apite kwanza. Baba hakufunga njia hata siku moja." Magid aliutazama ukuta mtupu. "Mimi nilisahau hilo."

Shadiah aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata alichokuwa akitafuta: namna ya kuandamana bila kufunga njia.

Sokoni aliwaeleza wenzake yote. Mtaro ulikuwa bado umeziba, na mvua haikungoja mtu. Walikubaliana kuandamana tena, mara hii kwa utaratibu. Geresom aliwasaidia kuandika barua kwa polisi. Waliandika siku, saa, njia watakayopita, idadi ya watu na jambo wanalotaka. Waliandika majina na simu za watu wawili wa kuulizwa: Shadiah na Nandutu.

"Andika pia, 'Tutakuwa na ngoma moja,'" Shadiah alisema.

"Je, wakikataa?" Nandutu aliuliza.

"Hii si barua ya kuomba haki," Geresom alijibu. "Haki unayo. Ni barua ya kuwaarifu, mapema, siku tatu kabla au zaidi, ili wajipange kuwalinda. Wakiona tatizo la njia au saa, mnakaa mnazungumza."

Na kweli walizungumza. Naigaga alifika sokoni mwenyewe, akakaa juu ya gunia. Aliomba wasipite njia ya hospitali. Walikubali. Wao waliomba askari wasije na mabomu ya machozi mbele. Alikubali gari la mabomu likae mbali. Kisha walichagua watu kumi wa kuongoza, wenye vitambaa vya njano mkononi. Kuhusu fimbo, Nandutu alitoa wazo. "Tushike majani ya vitunguu. Mtu akipigwa na jani la kitunguu, atalia, lakini hatakufa!"

Naigaga alicheka mpaka kofia ikasogea.

Asubuhi ya maandamano afande huyo alikuja na gari. Mlango ulipofunguliwa, Magid alisahau hata salamu. Ngoma!

"Faili limefungwa jana, hakuna mashtaka," Naigaga alisema. "Weka sahihi hapa. Lakini ngozi imelegea, stoo haina jua."

Waliwasha majani makavu ya migomba palepale. Watu mia mbili walisimama wakingoja ngozi ya ngoma ya marehemu ikaze. Moshi ule ulinukia kama zamani. Magid alipiga mara tatu, taratibu. Watu wakasogea pembeni. Wakaanza.

Walitembea upande mmoja wa barabara. Gari lilipohitaji kupita, Magid alisimamisha ngoma, njia ikafunguka, gari likapita, ngoma ikarudi. Kwenye njia panda Naigaga alishika kipaza sauti.

"Simama! Bodaboda ngoja! Wananchi wapite!" aliita kwa Kiswahili.

Shadiah aligeuka haraka kumtazama Nandutu. Nandutu alikuwa amesimama palepale, jani la kitunguu mkononi, akiitazama miguu yake.

"Imebaki," alisema kwa mshangao. "Shadiah, imebaki!"

Walipofika ofisi ya jiji, Mkurugenzi alitoka nje, akapokea barua yao mbele ya watu wote, akataja tarehe ya kazi. Wiki tatu baadaye mtaro ulizibuliwa. Mvua iliyofuata ilipita nyuma ya soko bila kuingia, na vitunguu vya Magid vikalala vikavu.

Jioni ya mvua hiyo Shadiah alimpigia simu Haboba Sofia huko Bugembe, akamsimulia yote.

"Ulikwenda kwenye mlango wao, ukauliza," Haboba alisema.

"Niliuliza, Haboba. Kwa Kiswahili chako."

"Niwekee hiyo ngoma niisikie."

Magid alikuwa uani, akiiingiza ngoma ndani kabla ya baridi. Shadiah alinyoosha simu. Magid alipiga mara tatu, taratibu, kama baba yake, na kule Bugembe mwanamke mzee akasikiliza.