Wadhamini wa Ghorofa ya Nne

Hebu niambie wewe, uliyekaa chuoni miaka minne ukatoka na cheti kimoja na viatu vilivyochoka: ungeitwa kazini kucheza gemu, ungekataa?

Usijibu haraka. Enjinia naye alikuwa na akili kama zako, pengine zaidi.

Enjinia ni jina la mtaani, alipewa kwa kejeli. Digrii ya umeme ilikuwa inalala kabatini mwaka wa tatu, pamoja na nakala za barua za maombi ambazo zote zilijibiwa kwa wimbo mmoja: we will call you. Hawakupiga. Hawapigi. Zile simu zilizojaa maofisini mwao zina kazi gani, mimi sijui.

Alichokuwa nacho ni vidole. Kwenye chumba cha gemu nyuma ya stendi kulikuwa na gemu moja ya mapanga, ngumu kupita kiasi. Mwisho wa kila hatua kunakaa jitu linalolinda mlango, na wachezaji wanaliita bosi. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanabwaga pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, chini na kutukana skrini. Wakikwama, wanamwita Enjinia.

"Mnakufa kwa sababu mna papara," alikuwa akiwaambia. "Kwanza usipige. Kufa hata mara kumi, unamwangalia tu. Kila bosi ana dalili yake kabla hajashusha silaha. Huyu anainamisha bega, yule anakoroma. Ukishaijua dalili, usikimbilie nyuma. Biringika kwa ndani, chini ya mkono wenye panga. Piga mbili, toka. Pigo la tatu ni tamaa."

Mtu aliyezunguka maofisi miaka mitatu akimtafuta bosi, akaishia kuwa bingwa wa kuwaua. Cheka tu. Hata yeye alikuwa anacheka.

Basi siku lilipobandikwa tangazo ukutani, *Wanatafutwa mabingwa wa kushinda mabosi, digrii ni lazima*, alilisoma mara tatu. Digrii ni lazima! Akaenda nyumbani mbio kunyoosha shati.

Alikuwa anaishi kwa dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi walipoondoka na kumsomesha kwa sare za shule za watoto wa watu.

"Dada, naenda intavyuu."

"Saa hizi? Jua linazama."

"Wameandika saa kumi na mbili jioni."

"Ofisi gani hiyo inaajiri wakati watu wanafunga maduka?" Hakuinua macho. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa mezani. Aligonga mkasi juu ya meza mara mbili, ko, ko. Ncha ya ulimi ikatokeza kwenye kona ya mdomo. Akazuia pumzi, akakata. Ndivyo anavyokata siku zote. "Haya nenda, mdogo wangu. Ila ukirudi uitazame balbu ya chooni. Nyumba ina enjinia wa umeme, tunakojoa gizani mwezi wa pili huu."

Kwenye geti la nyumba yao mlinzi alikohoa, akashika mkanda wake kwa mikono miwili, akauburuta mguu wa kushoto kwenda kumfungulia.

"Leo tai! Nani amefariki?"

"Naenda intavyuu, mzee wangu."

"Basi kafariki umaskini," alisema mlinzi, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Jengo lililotajwa kwenye tangazo lilikuwa la maofisi, lifti mbovu. Ghorofa ya kwanza, wakili. Ya pili, meno. Ya tatu, giza. Ya nne, mlango mmoja wenye mwanga chini yake.

Na harufu. Kama nywele zilizoungua.

Ndani kulikuwa na meza, televisheni ya zamani yenye mgongo, na mwanamke mwenye suti safi. Hakusimama. Alisukuma beseni la plastiki.

"Simu."

Enjinia aliweka simu. Akapewa fomu. Jina, chuo, mwaka wa kumaliza, yote ya kawaida. Halafu: *Wadhamini wawili. Watu wanaokufahamu vizuri na unaowaona kila siku.*

Hapa ndipo sisi wote tunapodanganya. Nani ana mkurugenzi wa kumwandika? Aliandika mlinzi wa getini, akamwita Afisa Usalama. Aliandika dada yake, akamwita Mkurugenzi wa Kampuni ya Mavazi. Chini palikuwa na mistari mingi mitupu: *Eleza tabia zao wanapofanya kazi.*

Alieleza. Ungeachaje nafasi tupu kwenye fomu ya kazi? Alieleza kikohozi, mkanda, mguu. Alieleza mkasi na ulimi. Alijaza mpaka mstari wa mwisho, kwa mwandiko mzuri.

"Dole gumba," alisema mwanamke, akifungua kibati cha wino mwekundu.

"Nimesoma. Naweza kusaini."

"Sahihi hubadilika," alinong'ona. "Dole halibadiliki."

Wino ulikuwa mzito. Vuguvugu.

Pedi nayo ilikuwa na joto, kama mkono wa mtu aliyekuamkia hivi punde. Kwenye skrini kulikuwa na uwanja mtupu na lango kubwa la chuma. Jitu likatoka langoni, kichwa ndani ya gunia, rungu begani. Lilikuwa linauburuta mguu.

Enjinia hakupiga. Aliangalia. Jitu lilitoa sauti nzito kifuani, likashika kiuno kwa mikono miwili, kisha rungu likaja. Akakwepa. Tena. Sauti, kiuno, rungu. Ah, rahisi! Akabiringika kwa ndani. Mbili, akatoka. Mbili, akatoka. Mstari wa damu wa jitu, ule unaoonyesha uhai uliobaki, ukafupika, ukafupika...

Lilipoanguka lilikohoa.

Mara moja. Kikohozi cha binadamu.

"Hongera," alisema mwanamke. "Kesho saa hii hii. Hatua ya mwisho."

Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Geti lilikuwa wazi, kibanda kitupu. Alidhani mzee amekwenda kusali au kujisaidia. Asubuhi ndipo walipomkuta nyuma ya tangi la maji, ameketi, mikono miwili kwenye mkanda. Hana jeraha. Wakasema moyo. Mtu maskini akifa siku zote ni moyo, au presha, au mapenzi ya Mungu. Hakuna anayesumbuka kuuliza zaidi.

Enjinia alilia. Lakini hakuunganisha. Wewe ungeunganisha? Acha uongo.

Mchana huo huo alikuja rafiki yake Mwanasheria, waliyelala naye chumba kimoja chuoni, ambaye naye hana kesi wala mteja. Alikuja kutoa pole akabaki kuuliza habari za kazi.

"Kaka, usiwe mchoyo. Iko wapi hiyo ofisi?"

"Ghorofa ya nne, jengo la yule daktari wa meno. Lakini wewe gemu hujui. Una papara kama kuku wa kisasa."

"Nifundishe basi!"

Wakakaa nusu saa, Enjinia akimfundisha kwa kijiti cha kiberiti juu ya meza. Mwangalie kwanza. Tafuta dalili. Ingia ndani. Piga mbili, toka. Mwanasheria aliandika yote kwenye daftari, kama zamani walipokuwa wanaibiana majibu.

Jua lilipoanza kuzama Enjinia alipanda tena zile ngazi. Harufu ilimpokea ghorofa ya tatu.

Beseni. Simu. Pedi.

Safari hii uwanja ulikuwa chumba. Chumba kirefu chenye meza ndefu, na vitambaa vyeupe vikining'inia kama sanda. Jitu lilitoka nyuma ya vitambaa. Jembamba, refu, mikono miwili imeshika makali mawili yaliyounganishwa kwa msumari katikati.

Liligonga makali juu ya meza.

Ko. Ko.

Vidole vya Enjinia vilikwishajua kabla yake. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa bingwa: mkono haungoji ruhusa. Kitu chekundu kilitokeza kwenye kona ya gunia, pumzi ya jitu ikakatika, makali yakafunguka. Akabiringika kwa ndani. Akapiga.

Moja.

Mbili.

Jitu likapiga kelele. Na ile kelele aliijua. Ni ile ya mwaka ule sindano ilipopita kwenye kidole cha dada, yeye akiwa darasa la pili, akakimbia kuita majirani.

"Hapana," alisema.

"Endelea," alinong'ona mwanamke nyuma ya sikio lake. Hakuwa amemsikia akinyanyuka.

Alitaka kuweka pedi chini. Haikuwekeka. Dole gumba lenye wino lilikuwa limeganda kwenye kitufe, na kitufe kinadunda, du, du, du.

"Kwa nini msifanye wenyewe?" sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Hatuwajui. Sisi tutajuaje mtu anapozuia pumzi? Lazima aje anayemfahamu vizuri."

"Nikiacha?"

"Bosi humuua mchezaji. Ni gemu. Unazijua sheria."

Ko. Ko.

Ulimi. Pumzi. Nafasi ilikuwa wazi mbele yake kama mlango. Vidole vyote kumi vilikuwa vinawasha. Kitufe kimoja tu, na angekuwa hai, na kazi anayo, kazi ya digrii, yenye meza na kiti...

Aliling'ata dole lake.

Aling'ata mpaka mfupa ukalalamika, na dole likabanduka na ngozi ikabaki kwenye kitufe. Kisha akasimama wima mbele ya ile skrini, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri fimbo.

Makali yalishuka. Yalisimama unywele mmoja juu ya kichwa cha mchezaji. Yakatetemeka pale. Jitu likainamisha gunia lake upande, kama mtu anayetazama mshono usiokaa sawa.

Halikukata.

Skrini ikazimika.

"Tutakupigia," alisema mwanamke, kwa hasira.

Enjinia alinyakua simu yake, akaruka ngazi nne nne. Alimkuta dada sakafuni, kando ya cherehani, mkasi ukiwa mkononi na macho wazi.

"Dada! Dada, nitazame!"

"Usinipigie kelele, siyo kiziwi mimi." Midomo ilikuwa imepauka. "Nilisinzia kidogo. Nimeota uko mbele yangu, umesimama tu kama zoba, na mimi nina mkasi na mtu ananishika mkono ananiambia kata. Nikasema simkati huyu. Nimemsomesha mimi mwenyewe, nimkate ili iweje?"

Alicheka, akajaribu kuinuka. Mkono wa kulia haukumfuata. Ulining'inia begani kama mkono wa koti. Juu yake kulikuwa na mistari miwili myekundu, imekaa sambamba, mizuri kama mshono wa cherehani.

Miwili. Mapigo hayo mawili ni ya kwake Enjinia, hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Daktari hakuona kitu. Aliandika dawa ya kuchua. Na fundi wa mkono wa kulia, ambaye mkono wake huo sasa haufungi hata kifungo, alirudi nyumbani akakaa mbele ya cherehani yake.

Kesho yake saa kumi na mbili kamili Enjinia alirudi kwenye lile jengo na nyundo. Aliitaka ile fomu. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliinama akachungulia kwenye uwazi wa kutumbukizia barua. Hakukuwa na meza wala televisheni. Kulikuwa na karatasi. Zimerundikwa mpaka usawa wa kiuno, ukuta hadi ukuta, na kila moja ina alama ya dole jekundu chini. Alishusha nyundo kwenye kitasa. Nyundo ilirudi kama amepiga mpira.

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa sauti, wa Mwanasheria, anahema kwa furaha:

"Kaka! Nimeitwa na mimi! Jana asubuhi ya leo... yaani hata sijui naongea nini, nimechanganyikiwa. Naingia saa kumi na mbili. Wanataka wadhamini, nimekuandika wewe. Wameuliza tabia zako, nimekupamba kweli kweli. Nimesema ukitaka kuongea jambo zito unakuna sikio la kushoto kwanza, halafu unashusha pumzi. Si kweli? Haya, wanachukua simu. Usiniangushe!"

Enjinia aliangalia saa. Saa kumi na mbili na dakika tano.

Alipiga. Simu imezimwa. Akapiga mlango kwa nyundo, kwa bega, kwa teke. "Weka chini! Mwanasheria, weka hiyo pedi chini! Ni mimi!" Upande wa pili, mbali, kama chini ya maji, alisikia vitufe vikibonyezwa. Taratibu. Kwa utulivu wa mtu anayeangalia kwanza, asiye na papara hata kidogo.

Na mkono wake wa kushoto, bila yeye kuutuma, ukapanda kwenda sikioni.

Pumzi ikamshuka.

Kitu baridi kikapita ubavuni mwake. Kisha kingine, pale pale.

Piga mbili, toka.

Pale kwenye kizingiti ndipo alipokaa, mpaka leo, mikono ameifunga kiunoni kwa mkanda wake mwenyewe ili isipande; bila dalili, Mwanasheria hapati nafasi ya kupiga tena. Dada humletea maji kwa mkono wa kushoto. Mwanasheria hajatoka. Na kila jioni, vitufe vinasikika.

Sasa nasema na ninyi. Ninyi mnaobandika matangazo, mnaotaka wadhamini wawili, watatu, na alama zetu za vidole, na habari za watu wetu, kwa ajili ya kazi ambazo hamtatupa. Ninyi wenye jengo mnaopokea kodi ya ghorofa ya nne na kujifanya hamjui mpangaji. Na ninyi mlioziona zile fomu zikirundikana mkageuza uso. Fungueni huo mlango. Mtoeni aliyeko ndani akiwa hai. Na fomu zetu rudisheni, zote, moja moja mikononi mwa wenyewe, leo, kabla jua halijazama.