Saladi Aliyoagiza Daktari

Verlyn Haugstad alikaa kwenye benchi la jikoni. Buti moja ilikuwa mguuni, nyingine mkononi. Alikuwa akihema, ingawa hakuwa ametoka mbali. Alikuwa ametoka chumbani tu.

"Renae," aliita. "Mama, njoo unisaidie."

Mkewe Renae aliacha kahawa yake, akapiga magoti sakafuni. Akamvisha buti ya pili, akazifunga kamba za zote mbili. Alifanya hivyo kila asubuhi tangu majira ya baridi ya mwaka uliopita, kwa sababu tumbo la Verlyn lilikuwa limemkatalia kuifikia miguu yake mwenyewe. Mwanzoni walilicheka jambo hilo. Siku hizi hawakucheka tena. Renae naye alikuwa na mgongo wake unaouma, na kila alipoinuka alishika meza.

"Tayari, bwana mkubwa," alisema.

"Asante. Ila wenzangu wa karakana wasijue."

"Nani kakwambia hawajui?"

Verlyn alikuwa na miaka hamsini na tatu. Kazi yake ilikuwa kuendesha lile gari kubwa la kusukuma theluji barabarani. Hapa kwetu Nordby, kaskazini mwa Minnesota, gari hilo lisipopita, basi la shule halipiti, na gari la wagonjwa halipiti. Ni kazi ya maana, lakini ni kazi ya kukaa. Zamu nzima mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine uko kwenye mfuko wa chipsi. Ukirudi nyumbani umechoka hadi kwenye mifupa, na hujatembea hata kidogo. Unakula, unalala, unaitwa tena. Nimewaona madereva wetu wengi wakiishi hivyo, na wote wana sura ileile ya kuchoka.

Mwezi wa Desemba Verlyn alikwenda kupimwa afya. Dereva wa gari kubwa haruhusiwi kuendesha bila kupimwa. Renae alimsindikiza. Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni katika mji wetu, aliyetoka jimbo la mbali lisilo na theluji. Alimpima Verlyn presha. Akangoja kidogo, akampima tena.

"Mzee Haugstad, presha yako iko juu sana," alisema. "Uzito wako unachangia. Nitakuruhusu uendeshe kwa miezi mitatu tu. Ukirudi nayo hivi, sitaweza kukuruhusu tena."

Renae aliingiwa na hofu. Bima ya afya ya nyumba yao ilitokana na kazi ile. Yeye alikuwa na pumu, na bila bima asingeweza kununua dawa zake. Verlyn asipoendesha, wote wawili wangekwama.

"Sasa nifanye nini?" Verlyn aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kunywa dawa hizi kila siku, usiruke. Acha soda. Punguza vyakula vya kukaanga. Tembea. Na jioni, badala ya chakula kizito, kula saladi."

Uso wa Verlyn uling'aa. "Saladi?"

"Saladi. Kula mpaka ushibe."

"Daktari, umeniokoa! Nilidhani utaninyima chakula."

Hapa lazima nieleze jambo. Kwa watu wengine saladi ni majani mabichi, nyanya na matango. Kwetu sisi saladi ni kitu chochote kilichochanganywa kwenye bakuli kikaliwa kikiwa baridi. Viazi na mayonezi ni saladi. Makaroni na jibini ni saladi. Jeli ya kijani yenye krimu juu yake ni saladi. Halafu kuna saladi ya Renae, ambayo kanisa zima huisubiri. Hiyo ni matofaa yaliyokatwakatwa, chokoleti yenye karanga, na krimu tamu ya kujaza bakuli. Inaitwa saladi kwa sababu ina matofaa. Mimi nimeila miaka yote na sikuwahi kushangaa.

Daktari hakuyajua haya. Na Verlyn na Renae hawakujua kwamba kuna la kuuliza.

Walianza kwa moyo mmoja. Renae aliulizia ukumbi wa mazoezi katika mji wa jirani. Ada yake ilikuwa kubwa, na safari ilikuwa ndefu, wakaachana nao. Walijaribu kutembea nje. Baridi ilimbana Renae kifua, na Verlyn aliteleza kwenye barafu akaangukia makalio.

"Tutatembea theluji ikiyeyuka," alisema akijifuta.

"Leseni yako haitangoja theluji iyeyuke," Renae alijibu.

Basi wakabaki na saladi. Kila jioni Renae alisimama jikoni, mgongo ukimuuma, akikata na kukoroga. Leo viazi, kesho makaroni, keshokutwa matofaa. Alimpakulia mumewe sahani iliyojaa, kwa sababu daktari alisema ale mpaka ashibe. Verlyn alikula yote. Aliacha soda kabisa, akameza dawa zake, akajisifu kwamba hajawahi kuwa mtiifu hivyo maishani.

Katikati ya Januari alipanda mizani. Akashuka. Akapanda tena.

"Nimeongezeka," alisema.

Renae alisimama mlangoni, taulo mkononi. "Umekula nini huko karakana?"

"Sijala kitu."

"Verlyn, usinidanganye. Madonati ya kule nayajua."

"Sijagusa donati tangu Krismasi! Nakula saladi zako tu. Saladi, saladi, kila siku saladi!"

"Basi mimi najichosha bure. Nasimama jikoni kila jioni, na wewe unanichezea akili."

Verlyn alishuka kwenye mizani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mabega yameanguka. Renae alimwona hivyo, na bado hakumwamini. Kwa siku kadhaa walizungumza mambo ya lazima tu. Asubuhi alimfunga kamba za buti bila neno. Nadhani hiyo ndiyo iliyowachosha zaidi, kunyamaziana huku mmoja amepiga magoti mbele ya mwenzake.

Jumapili ya mwisho ya mwezi kulikuwa na chakula cha pamoja kanisani. Baada ya ibada, kila nyumba huleta bakuli lake kwenye ukumbi wa chini. Verlyn alipita kwenye meza akijipakulia. Nyuma yake alisimama Ardis Kjelland, mjane mwembamba aliyekuwa nesi wa hapa kwetu miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Wewe Verlyn," alisema. "Nasikia una presha. Mlima huo ni wa nini?"

"Hii ni dawa, dada Ardis. Daktari ameagiza saladi."

Ardis alitazama sahani. Viazi na mayonezi. Jeli na krimu. Matofaa na chokoleti. Akaanza kucheka. Kisha akaona kwamba Verlyn hatanii, akaacha.

"Unakula hivi kila siku?"

"Kila jioni. Nina bidii kweli."

"Verlyn, ndugu yangu. Daktari alimaanisha majani."

"Majani?" Verlyn alishangaa. "Majani gani?"

Renae alikuwa upande wa pili wa meza, akipakulia watu. Alisikia kila neno. Aliweka kijiko chini taratibu, akaingia jikoni. Ardis alimfuata. Alimkuta amesimama mbele ya sinki, analia.

"Nilimwita mwongo," Renae alisema. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namnenepesha. Kwa mikono yangu. Ningekuja kumzika bado nikimlaumu kwa madonati."

"Nyamaza kwanza, shoga. Hukumlisha sumu."

"Ni saladi ya mama yangu, Ardis."

"Na mama yangu pia aliitengeneza. Lakini aliitengeneza kwa sikukuu. Ina sukari na mafuta mengi. Mara moja moja haina neno. Kila jioni, tena sahani nzima, lazima mwili ujae."

Renae alijifuta macho kwa aproni. "Sasa nusu ya muda imekwisha. Nimechoka, Ardis. Sijui hata pa kuanzia."

"Anzia kwenye sahani. Igawe katikati kwa macho. Nusu nzima iwe mboga. Nusu inayobaki, upande mmoja nyama kidogo, samaki au maharage, na upande mwingine viazi au mkate."

"Mboga wakati huu wa baridi bei yake haishikiki."

"Achana na zile za kupendeza macho. Nunua kabichi. Nunua karoti. Chukua zile za mfuko zilizogandishwa, ni nzuri sawa na mbichi. Maharage ya kopo yamwagie maji uyasuuze, chumvi ipungue. Chumvi ndiyo inayompandisha presha. Mayonezi weka kijiko, si kopo."

Verlyn alikuwa amesimama mlangoni, sahani bado mkononi.

"Na kutembea je?" aliuliza. "Nje ni barafu, na mama hapa ana pumu."

"Njooni shuleni. Asubuhi, kabla watoto hawajafika, mlango wa nyuma huwa wazi kwa watu wanaotaka kutembea kwenye korido. Bure. Kuna joto, na sakafu ni kavu. Mimi huwa pale kila siku."

"Nivae nini?"

"Vaa ulivyovaa. Viatu tu viwe vya kutembelea."

"Na nitajuaje nimetembea vya kutosha?"

"Tembea hadi upumue kwa kasi, lakini uweze kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo."

"Akiimba sisi wengine tutakimbia," Renae alisema, macho bado mekundu.

"Heri mkimbie, mtapungua wote. Lakini nisikilizeni. Kifua kikibana, au kichwa kikizunguka, simama na uite msaada mara moja. Usijikaze kiume. Na dawa za daktari usiziache hata ukijisikia mzima."

Verlyn aliitazama sahani yake. Akairudisha mezani. Kisha akamwendea mkewe.

"Nilikwambia madonati hayana hatia," alisema.

"Nisamehe, Verlyn."

"Nimekusamehe. Ila majani siyajui. Utanifundisha."

Siku ya kwanza shuleni Verlyn hakufika nusu ya korido. Alikaa kwenye benchi la watoto wa chekechea, chini ya makoti madogo yaliyosahauliwa, magoti yakamfikia karibu na kidevu.

"Nimekwisha, mama."

"Basi umekwisha. Kesho tutafika maktaba."

Kesho yake hawakufika maktaba. Walifika siku chache baadaye. Wiki iliyofuata walifika jikoni mwa shule, kisha kwenye mlango wa ukumbi wa mpira wa kikapu, mwisho kabisa wa korido. Ardis aliwafundisha pia kuinuka kitini na kukaa polepole bila kushika kitu, ili miguu ipate nguvu. Verlyn alilalamika kila mara. Kabichi aliiita chakula cha sungura, lakini aliimaliza.

Haikuwa rahisi, na sitaki kumdanganya mtu. Kuna asubuhi alirudi kutoka zamu macho yamemwiva, akajitupa kitini.

"Leo siendi. Nimechoka."

"Nami nimechoka," Renae alisema. "Twende tukachoke pamoja."

Wakaenda. Siku za dhoruba, alipoitwa mapema, alilizunguka gari lake ndani ya karakana kabla ya kupanda. Wenzake walimtania.

"Verlyn, umepoteza nini?"

"Tumbo. Mkiliokota msinirudishie!"

Machi walirudi kwa daktari. Renae alishika mkoba wake kwa mikono miwili wakati kipimo kikivimba kwenye mkono wa mumewe. Daktari alipima. Akangoja, akapima tena.

"Imeshuka vizuri," alisema. "Uzito nao umepungua. Bado kuna safari, na dawa utaendelea nazo, lakini nakupitisha kwa mwaka mmoja. Niambie, ulifanya nini?"

"Niliacha saladi," Verlyn alisema.

Daktari aliinua kichwa. "Uliacha?"

Renae alicheka hadi akatafuta dawa yake ya kuvuta. Kisha wakamweleza yote, na tangu siku hiyo daktari yule huwauliza wagonjwa wake wote wa Nordby saladi yao ina nini ndani.

Aprili theluji ilianguka mara ya mwisho. Alfajiri Renae aliweka kahawa chini bila kuitwa, akapinda mgongo wake apige magoti kama kawaida.

"Ngoja," Verlyn alisema.

Alijikunja. Uso ulimwiva, pumzi ikamkatika, akazivuta kamba. Fundo la kwanza lilitoka kombo. La pili lilitoka kombo zaidi. Kisha akainuka mwenyewe, bila kushika meza.

"Kunywa kahawa yako, mama," alisema. "Imekuwa ikipoa siku nyingi."

Mlango ukafungwa. Renae akakaa kwenye benchi lile, akainywa kahawa ingali moto.