Maji Yako Ngazi ya Tisa

"Soma tena," mchumba wangu aliniambia kwenye simu.

"Nimesoma mara tatu. Mita tatu na robo."

"Basi bado. Amri inatoka ikifika nne. Usinitie presha, mpenzi."

"Nguzo ya mto inasema tatu na robo. Ngazi za mtoni zinasema kitu kingine."

Nikasikia feni ya ofisini kwake ikizunguka.

Ilikuwa saa nane mchana na jua linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili huko milimani, kwa watu wengine kabisa. Kwetu bondeni kamba zote zilijaa nguo. Mto ulikuwa wa kahawia na hauna kelele. Mbele ya macho yangu ulipita mlango mzima wa nyumba ya mtu, komeo bado limefungwa.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea kwenye makaratasi ambayo wageni huyaacha juu ya viti baada ya mikutano. Wanaochafua hewa hawakai bondeni. Bondeni tunakaa sisi, nao hutuletea fulana zenye maandishi ya tabianchi. Nilijitolea kwenye shirika lao la misaada kwa sababu moja tu: kuisoma nguzo ya mto yenye namba, kutwa mara tatu, na kutuma namba ofisini. Yeye ndiye Afisa wa Tahadhari. Namba ikifika nne, anatoa amri: ujumbe kwenye kila simu, vipaza sauti, malori ya kupandisha watu shuleni kilimani. Isipofika, hakuna linalotoka.

Tulipendana kwa namba hizo. Nikituma "0.8", anajibu "0.8, na wewe umekula?" Miaka miwili hivyo. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi inayofuata.

"Sikiliza," nikamwambia. "Nilikuwa na miaka minane. Maji yalifika ngazi ya tisa, zile za mawe tunazofulia, na baba akasema bado. Jioni hatukuwa na nyumba, wala baba. Mpimaji wenu alipokuja, mimi ndiye niliyemwonyesha ngazi ile, naye akaisimamisha nguzo ili alama ya mita nne iwe sawasawa nayo. Sasa nimesimama hapo na maji yananilamba vidole. Kwa nini nguzo inasema tatu na robo?"

"Labda unakosea kuhesabu."

"Nguzo ilipong'olewa kwa matengenezo na kupandwa upya kiangazi, ulikuwepo?"

"Nilisaini."

"Sikuulizi kalamu. Nakuuliza miguu yako."

Feni ikazunguka. Nilijua jibu kabla halijatoka.

"Sikwenda," akasema. "Wageni wa makao makuu walikuwa ukumbini, nilitakiwa niwaeleze mradi ulivyofanikiwa. Fundi aliniambia ameirudisha palepale."

Fundi aliipanda juu zaidi ukingoni, penye udongo laini wa kuchimba, ndiyo maana ikasoma pungufu. Tangu siku ile hadi mvua hizi maji hayakuwa yamefika hata mguuni pake; namba ilikuwa sifuri, na kiangazi hilo si ajabu, nani angejua?

"Mwezi ule nilikuwa namuuguza mama hospitali," nikasema. "Jioni ile ulikuja wodini ukaniambia umetoka mtoni. Viatu vyako vilikuwa safi. Nikavisifu."

Alisema akitoa amri bila namba, watamuuliza kwa nini, na jibu lake ndilo litakalomfukuzisha kazi. Akaniomba nusu saa.

"Ikifika nne kwenye nguzo," nikamwambia, "mama yangu atakuwa chini ya maji."

Nikakata, nikakimbia.

Njiani niligonga kila mlango. Walinicheka. Mama mmoja aliniita kwa jina langu la utani: "Bi Kipimo, jua lote hili, au ni wasiwasi wa bibi harusi?" Siwalaumu. Walifundishwa kungoja amri, na waliowafundisha ni sisi.

Mama nilimkuta kitandani anakunja nguo za harusi, miguu yake ile mibovu imenyooshwa. Nikamweleza yote, isipokuwa saini. Akanitazama kama anayemtazama mtoto anayedeka.

"Mwenye amri ni mkwe wangu," akasema. "Amesema?"

"Bado."

"Basi kaa, nisaidie kukunja."

Alimwamini kuliko mto. Nikamwandikia mchumba wangu:

"Mama hatoki mpaka mkwe wake aseme. Nimekaa naye. Sitoki na mimi."

Simu ikaonyesha ameusoma ujumbe.

Maji hayakupiga hodi. Yaliingia chini ya mlango kama mkeka unaokunjuliwa, yakazunguka mguu wa kitanda, yakachukua kandambili moja ya mama. Aliitazama ikienda, akaacha kukunja. Nilimshika mkono. Niliwaza: hivi ndivyo baba alivyongoja.

Kisha kipaza sauti kikakoroma. Haikuwa ile kanda ya siku zote. Ilikuwa sauti yake.

"Ni mimi Afisa wa Tahadhari. Nguzo imepandwa pabaya. Kosa ni langu, nilisaini bila kwenda. Msingoje namba. Tokeni sasa hivi."

Simu ya mama ikaita papo hapo; alikuwa mkwe wake. Akasikiliza, akaitika mara mbili, akanigeukia.

"Mbona umekaa? Nibebe."

Nikambeba mgongoni, maji yakiwa magotini. Nyuma yetu milango iligongwa, watoto wakaitwa majina, na hakuna aliyecheka tena.

Shuleni tuliitana nyumba kwa nyumba hadi jua lilipoinama. Hakukosekana mtu. Bondeni yalibaki mapaa matatu. Mchumba wangu alishuka kwenye lori la mwisho. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshaingia kwenye simu yake, imesainiwa na walewale waliompigia makofi ukumbini. Alisimama mbali kidogo nami.

"Bado unanitaka?"

Nikatazama viatu vyake. Tope lilikuwa limefika juu ya soksi.

"Umetoka wapi?"

"Mtoni."

"Leo naamini," nikasema. "Za nyuma utanilipa polepole."

Jumamosi ya harusi ilipita tukiwa tumelala madarasani. Maji yalipokupwa, aliichimbua nguzo kwa mikono yake, sasa mtu wa kujitolea kama mimi. Nilisimama ngazi ya tisa na ncha ya uzi, yeye akashika ncha ya pili, tukaupima usawa mpaka mita nne ikakaa panapostahili. Kisha akazipaka namba rangi upya.

Mama, juu ya kiti alichobebewa, akauliza harusi ni lini.

"Rangi ikikauka," nikamjibu.

Akajivuta mbele, akaigusa nne kwa kidole, akakitazama: hakikushika rangi.

"Imekauka," akasema.