Pole Haimfikishi Mtu Ghorofa ya Tatu

Wiki ile nyumbani kwa Melkiori, kijijini Mchombe, habari ilikuwa moja tu. Lifti.

Wakulima wa mpunga wa bonde zima walikuwa wanakwenda kwenye mkutano mkuu Ifakara, katika jengo jipya la ghorofa tatu. Ukumbi uko juu kabisa. Na jengo lina lifti!

"Hiyo lifti ni kitu gani hasa?" aliuliza Levina, mke wa Melkiori. Alikuwa anapepeta mchele uani, lakini masikio yote yalikuwa kwa mumewe.

"Ni chumba kidogo," alisema Melkiori. "Unaingia, unabonyeza kitufe, kinapanda na wewe."

"Kinapanda! Na nikitaka kushuka?"

"Kinashuka."

"Basi mimi ukumbini siketi. Nitashinda humo humo."

Wifi yake, Devota, alicheka mpaka masuke ya mpunga yakamdondoka kutoka mapajani. Devota ni dada mkubwa wa Melkiori. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, kwa hiyo anatumia kiti mwendo. Lakini usiwe na haraka ya kumwonea huruma. Kwa kuchagua mbegu, Mchombe nzima hakuna anayemfikia. Analitazama suke moja baada ya jingine. Lenye punje nyekundu anatupa. Lenye ugonjwa anatupa. Yanayobaki ndiyo mbegu ya kikundi chao cha wanawake, na wali wake ukipikwa, jirani anajua.

Ndiyo maana Devota alipewa nafasi ya kuzungumza. Mkutano ungechagua kikundi kimoja kizalishe mbegu kwa ajili ya bonde lote. Kila kikundi kingeitwa mara moja tu. Asiyekuwepo akiitwa, basi tena.

"Wifi, safari hii ni yetu," alisema Levina.

"Tufike kwanza," alijibu Devota.

Siku ikafika. Watu wa Mngeta, watu wa Mkula, watu wa kila kona, wote walikuwa wamependeza kama wanakwenda kanisani Pasaka. Melkiori alitangulia juu na masuke ya kuonyesha. Chini, ngazi zilikuwa pana, safi na tupu. Nani azitazame? Ngazi kila mtu anazijua. Umati wote ulikuwa mbele ya lifti.

Levina akaona mshale wa juu na mshale wa chini. "Lifti iko juu," alijisemea. "Nataka ishuke." Akabonyeza wa chini. Kisha, kwa usalama, akabonyeza na wa juu.

Mlango ukafunguka.

"Wifi, ngoja hapo! Naingia kukushikia nafasi!"

Akaingia. Nyuma yake wakaingia wengine, na wengine, mpaka akabanwa ukutani. Mlango ukafungwa. Devota akabaki nje.

"Jamani, wifi yangu!" alipiga kelele Levina. Lakini chumba kilikuwa kimeshaanza kupanda, na tumbo lake likapanda nacho. Tuseme ukweli: alimsahau wifi yake.

"Mama yangu, kinakwenda!" alisema, na lifti nzima ikapiga vigelegele.

Kule juu akamkumbuka. Lakini walioingia naye hawakutoka.

"Tunarudia!" walisema, wakicheka.

Wakashuka, mlango ukafunguka, na Devota alikuwa palepale. Akasogeza kiti chake. Ndani hakuna aliyesogea.

"Pole sana, mama," alisema mwanamke mmoja kwa upole. "Tumejaa."

Levina alijipenyeza akatoka. Alipogeuka, mtu mwingine alikuwa ameshachukua nafasi yake. Mlango ukafungwa.

Lifti ikarudi mara nyingine. "Pole, dada yetu." Ikarudi tena. "Pole, mama, utapanda inayofuata." Watu wale hawakuwa wabaya hata kidogo. Pole zao zilitoka moyoni. Ila walitoa pole, hawakutoa nafasi.

"Pole ninazo za kutosha," alisema Devota. "Pole haimfikishi mtu ghorofa ya tatu."

Simu ya Levina ikalia. Alikuwa Melkiori.

"Mko wapi? Mngeta wanazungumza sasa hivi! Wakimaliza ni sisi!"

Wanaume wawili waliokuwa karibu wakasikia. Bila kuuliza, wakashika kiti cha Devota. "Tunakubeba, mama!"

"Acheni!" Devota alisema kwa ukali. "Mtaniangusha. Kiti hiki ndiyo miguu yangu. Mtu hashikwi miguu bila kuombwa ruhusa."

Wakaachia, wakaomba radhi. Kelele zile zikamleta Wilhelmina, msimamizi wa jengo. Wakati huohuo lifti ikafunguka tena, imejaa. Kwenye kona alisimama kijana mmoja mwenye mabega mapana. Levina akamjia juu.

"Wewe kijana! Mzima hivyo, huoni aibu? Shuka!"

Kijana aliinama. Alivuta suruali yake juu kidogo. Mguu wake mmoja ulikuwa wa bandia.

Levina alitamani sakafu immeze. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Si kosa lako, mama. Wengi hawajui," alisema kijana, aliyeitwa Faustin. "Ngazi zinaniumiza sana."

Wilhelmina aliweka mkono mlangoni usifungwe. "Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine," alisema. "Kuna ulemavu unaoonekana na usioonekana. Mwingine ana moyo mgonjwa, mwingine magoti. Kwa hiyo hatumkagui mtu. Kila mmoja ajiulize mwenyewe: mimi naweza kupanda ngazi? Kama naweza, napisha. Kama nimo ndani na mwenye kiti mwendo yuko nje, natoka. Wanaoshuka watoke kwanza, ndipo wengine waingie. Na nani anabonyeza mishale yote miwili?"

Levina akatazama viatu vyake.

"Mshale si wa kuita lifti ije," alisema Wilhelmina. "Ni wa kuiambia wewe unakwenda wapi. Unapanda, bonyeza wa juu tu. Ukibonyeza yote, inasimama bure na wanaoihitaji wanachelewa."

Waliokuwa nyuma hawakusikia hata neno. Hapo Levina akakumbuka kitu alichonacho. Kila msimu yeye ndiye anayeamia ndege shambani, na sauti yake inafukuza kwelea mpaka shamba la tatu. Akaiachia yote.

"Jamaniii! Wenye magoti mazima, ngazi hizi hapa! Mnavuna kutwa nzima mmeinama, ghorofa tatu ndiyo ziwashinde?"

Kicheko kikalipuka. Mmoja akatoka kwenye lifti, akafuata wa pili, kisha wengi. Yule mwanamke wa "pole sana" akavua viatu vyake vya kisigino, akaanza kupanda ngazi pekupeku. Devota akageuza kiti chake mwenyewe, akaingia. Faustin akabaki. Mama mjamzito akaingia.

Nafasi ikabaki ya mtu mmoja.

"Ingia, wifi," alisema Devota.

Oh, Levina alivyoitamani! Lakini nyuma yake alisikia fimbo ikigonga sakafu. Bibi mmoja alikuwa anakuja polepole.

"Shikamoo, bibi. Pita," alisema Levina. "Mimi nina haraka, napita ngazini."

Akashika khanga yake na kukimbia. Alifika juu anahema, na alichosikia kwanza kilikuwa kipaza sauti: "Mchombe! Mchombe wapo?"

Mlango wa lifti ukafunguka.

"Tupo!" alisema Devota.

Akazungumza mbele ya ukumbi mzima, masuke mapajani, akionyesha la kupanda na la kutupa. Watu walisimama kwenye viti vyao ili waone vizuri. Jioni jina likatangazwa: mbegu ya bonde itatoka Mchombe. Melkiori akamkumbatia dada yake. Levina akapiga vigelegele kwa sauti ileile ya kufukuzia ndege.

Kesho yake walirudi kwa siku ya pili ya mkutano. Ngazi zilikuwa zimejaa watu wakitaniana nani atachoka kwanza. Lifti ilipofunguka, ndani walikuwamo watu kadhaa. Walipomwona Devota, wawili wakatoka kabla hajasema lolote.

"Pita, mama."

Levina hakuingia. Alipanda ngazi, na juu akamkuta wifi yake anamsubiri, anatabasamu peke yake.

"Unacheka nini, wifi?"

"Umesikia?" alisema Devota. "Leo hakuna hata mmoja aliyeniambia pole."