Tairi Nililolifunga Mwenyewe

Paaa!

Kofi lilitua kwenye shavu la shemeji yangu mpaka nesi aliyekuwa anapita na trei akasimama.

Aliyepiga ni mama mkwe wangu. Aliyepigwa ni mwanawe wa kumzaa. Mchana kweupe, kwenye korido ya hospitali, mbele ya ndugu wote.

"Umemuua dada yako!"

"Hajafa, mama..."

"Mkono wake umekufa! Fundi cherehani bila mkono wa kulia atashona na nini? Kwa meno?"

Dakika moja tu kabla ya hapo, askari wa barabarani alikuwa ametuuliza swali fupi sana.

"Nati za tairi la mbele hazikukazwa. Nani aliligusa tairi lile?"

Mama mkwe akageuka. Akasema jana yake alimwona mwanawe amechuchumaa pale pale kwenye tairi.

Shemeji aliinua uso. Alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuvaa viatu watoke.

Mimi nikaangalia sakafu.

Ndipo akasema, "Ni mimi. Nilifungua tairi nikasahau kukaza."

Jamani... alikuwa anadanganya. Na katika watu wote waliosimama pale, mimi nilikuwa najua kabisa kwamba anadanganya.

Kwa sababu tairi lile nililifunga mimi. Kwa mikono hii hii ninayoandikia.

Nikanyamaza.

Naomba msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mkitaka kutukana, ruksa.

Mimi ni karani wa ghala la vifaa vya ujenzi. Kazi ya kuhesabu mifuko ya saruji na kugombana na madereva wa malori. Gari langu lilikuwa kuukuu, lile la kuliombea dua kabla ya kuliwasha. Na shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, alikuwa fundi magari. Ana gereji yake ndogo kando ya barabara, mabati juu, udongo mweusi wa oili chini, na wateja hawakauki.

Kila gari likiharibika, nampelekea yeye. Ananifanyia bei ya kindugu, tena mara nyingine anakataa hata hiyo.

Sasa, unajua binadamu. Nikaanza kujiuliza, kwani kubadilisha oili kuna nini? Nikaingia kwenye simu, nikatazama video. Nikabadilisha oili mwenyewe. Gari likawaka!

Nikabadilisha chujio la hewa. Likawaka!

Nikabadilisha plagi zote nne, na siku hiyo likaunguruma vizuri kuliko lilivyotoka kwa fundi. Basi hapo kichwa kikavimba. Majirani wakaanza kuniita nije niwasikilizie injini. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mume wangu siku hizi ni fundi wa simu. Chaji ikiisha na ufundi umeisha!"

Shemeji mwenyewe alifurahi. Hakuona wivu hata chembe. Aliniambia neno moja tu:

"Shemeji, hayo yote fanya, utaokoa hela yako. Ila breki na matairi, niite nikusimamie. Mara ya kwanza tu. Ya pili utafanya mwenyewe."

Nikasema sawa.

Jumamosi moja breki zikaanza kulia. Kumwita shemeji? Nikaona aibu. Fundi mzima mimi, wa kuwasikilizia watu injini! Nikanunua pedi za breki, nikapiga jeki uani, nikaanza na tairi la mbele kulia.

Mke wangu aliniletea maji ya kunywa. Akasimama akinitazama nikitoa pedi za zamani, zimelika zimebaki nyembamba kama kaki.

"Umemwambia kaka?"

"Kazi ndogo hii."

Nilifunga pedi mpya vizuri kabisa. Hilo sina wasiwasi nalo hata leo. Nikarudisha tairi, nikazishika nati kwa vidole, nikazizungusha mpaka zikagusa. Inavyotakiwa, unashusha gari chini kwanza, halafu ndiyo unakaza kwa spana kwa nguvu zako zote. Video ilisema. Nilijua.

Nikashusha gari.

Simu ikaita. Bosi wangu. Lori limeingia ghalani na hati zina makosa, njoo sasa hivi. Nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikakusanya spana zote, nikatoka mbio kwa miguu kwenda ghalani.

Sikukaza. Na niliporudi sikukumbuka.

Jumapili shemeji akapita kutusalimia pamoja na mama. Akaona matairi yamepungua upepo, akachukua pampu yake akajaza. Basi. Hicho ndicho alichofanya.

Jumatatu asubuhi mke wangu akachukua gari kupeleka gauni la bibi harusi. Kwenye mteremko, hatua chache tu kabla ya gereji ya mdogo wake, tairi likachomoka. Gari likalala ubavu wa kulia mtaroni. Dirisha lilikuwa wazi. Mkono wake ukabanwa kati ya mlango na ukingo wa zege.

Wa kwanza kufika alikuwa mdogo wake. Ndiye aliyemtoa, ndiye aliyemkimbiza hospitali. Mimi nilifika akiwa tayari yuko chumba cha upasuaji.

Mengine nimeshawasimulia.

Wiki ya kwanza nilijiambia, ngoja apone kwanza, nitasema.

Mwezi wa kwanza nikajiambia, mama mkwe ana presha, nikisema leo nitamuua.

Mwezi wa tatu nikaacha kujiambia chochote.

Habari zilienea kuliko moshi. "Yule fundi aliyemlemaza dada yake." Wateja wakaanza kupita mbele ya gereji bila kusimama. Nani atampa gari mtu aliyesahau nati za damu yake mwenyewe? Ndani ya nusu mwaka gereji ikafungwa. Mama yake alikuwa haongei naye. Simu yake akiiona inaita, anaigeuza kifudifudi.

Na mimi? Mimi nikawa mume wa mfano!

Nilimfunga mke wangu vifungo vya blauzi. Nilimsuka nywele, vibaya, lakini nilimsuka. Nilimkatia chakula. Mama mkwe alinishika kichwa akaniombea baraka. "Mwanangu wewe ndiye uliyebaki." Mashoga wa mke wangu waliwaambia waume zao waje wajifunze kwangu.

Kila sifa nilimeza kama mwiba wa samaki. Lakini nilimeza.

Siku moja nilimkuta mke wangu kwenye meza yake ya kukatia. Ametandika kitambaa, ameweka chaki, ameshika mkasi. Vidole vilikuwa havifungi. Mkasi ukaanguka. Akauokota. Ukaanguka tena. Mara ya nne hakuuokota.

Akaniuliza bila kugeuka, "Mume wangu, una neno lolote unataka kuniambia?"

"Neno gani?"

"Lolote tu."

"Nakupenda."

Akakunja kitambaa polepole kwa mkono mmoja.

Swali hilo aliniuliza mara tatu katika mwaka ule. Mara zote tatu nilidhani anataka kubembelezwa. Ewe Mola...

Kilichonivunja kilikuja siku ya Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Mama mkwe alikuja nyumbani, akakaa, akapewa chai, akasema kana kwamba anasimulia bei ya sukari:

"Wazazi wa yule binti, mchumba wa kaka yenu, walinifuata. Walitaka kujua tabia ya mwanangu. Nikawaambia ukweli. Mtu asiyejali roho ya dada yake, atajali ya mkewe? Uchumba wameuvunja."

Mke wangu akasimama. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Nami miguu ikanitoa nje yenyewe. Sikuaga.

Nilimkuta shemeji kwenye uwanja wa kuoshea malori. Fundi yule, mikono iliyokuwa inafungua injini gizani, imeshika brashi na ndoo ya sabuni. Amekonda. Aliponiona akafunga bomba.

"Shemeji. Karibu."

Nilipiga magoti kwenye maji machafu yale.

"Tairi nilifunga mimi!"

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua kabla hujafika hospitali."

Nikamkazia macho. "Sasa kwa nini ulisema ni wewe? Kwa nini ulinibebea?"

Akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sikukubebea wewe. Aliniomba dada."

Jamani, masikio yangu yalizibuka na kuziba hapo hapo.

"Nilipokuwa namtoa kwenye gari, mkono unavuja damu, kitu cha kwanza alichosema ni wewe. 'Alifunga tairi Jumamosi. Mama akijua atatuachanisha. Akisema mwenyewe, wewe nyamaza. Akiogopa, sema ni wewe. Siku tatu tu, kaka. Namjua mume wangu. Siku tatu hawezi kuzimaliza.'"

Siku tatu!

Mimi nilikuwa nimemaliza miezi kumi na moja.

"Siku ya nne nikamwambia dada, sasa tuseme. Akalia. Akaniambia, 'Nikisema mimi, nitakuwa nimekubali nimeolewa na mtu wa namna gani. Ngoja kidogo.' Tukangoja kidogo. Kidogo ikawa mwezi. Kila Ijumaa ananipigia simu ananiomba msamaha, mimi namwambia niko salama, gereji naipumzisha tu. Habari ya mchumba sikumwambia kabisa."

Akanyanyuka, akafungua bomba.

"Nenda nyumbani, shemeji. Leo ameijua."

Nilikimbia. Mtu mzima, na kitambi changu, nilikimbia barabara nzima huku nikijisemea maneno nitakayoanza nayo. Nilimaanisha, wallahi. Safari hii ningesema.

Nilipofungua mlango, begi lilikuwa sebuleni. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, mtandio umemwanguka mabegani, macho yamevimba. Kikombe cha chai kiko vile vile, kimeganda utando.

Mke wangu alisimama karibu na dirisha.

"Nimekuja kusema," nikaanza. "Tairi lile..."

"Nimeshasema mimi," akajibu.

Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningejua pa kushika.

"Nisamehe. Mkono wako..."

"Mkono nilikusamehe pale mtaroni, mume wangu. Kusahau ni kwa kila mtu. Hata mimi nimeshawahi kusahau sindano kwenye gauni la mteja." Akageuka kutoka dirishani. "Lakini ulimwona kaka yangu anazama, ukakaa juu ya mgongo wake, ukapokea sifa. Na mimi nikakuacha uendelee, nikisubiri yule niliyeolewa naye arudi. Dhambi hiyo na mimi ninayo, nitaibeba mbele ya kaka. Ila kwako sina tena cha kusubiri."

Mama mkwe akainuka. Hakunitazama kabisa. Alimwambia binti yake neno moja tu:

"Twende nikamwone mwanangu."

Wakatoka. Begi alilibeba kwa mkono wa kushoto.

Huu ni mwezi wa tano tangu watoke. Mama na mwanawe wanaongea. Mke wangu anaishi kwao, nasikia anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto, kwanza karatasi, sasa kanga kuukuu. Mchumba wa shemeji ameshaolewa kwingine. Hilo halirekebishiki kwa spana yoyote.

Gari nililiuza. Watu wananiambia, umeona sasa, ufundi wa kujifunza kwenye simu ndiyo huo! Hapana, wadau. Tengenezeni magari yenu, okoeni hela zenu, si aibu. Ukiwa hujui, mwite anayejua akusimamie. Na ukikosea, sema siku ile ile, mdomo ungali mwepesi. Ukweli ukilala nawe usiku mmoja, kesho yake unakuwa mzito mara mbili, na atakayeubeba ni mtu anayekupenda.

Sijaandika haya ili mnionee huruma. Nilimwomba shemeji ruhusa niandike, akasema, "Andika."

Nyie mliokuwa wateja wake mnanijua mimi ni nani, na mnamjua yeye. Hakusahau nati hata moja maishani mwake. Amefungua tena gereji, pale pale kando ya barabara.

Nawaombeni... mpelekeeni magari.