Nyota ya Zambarau Kwenye Dari Mbili

"Usinifundishe fizikia leo, Mwalimu. Jibu swali. Nyota ya zambarau imefikaje kwenye dari ya yule mwanamke?"

Mume wangu alikuwa bado na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati. Nilimpigia shuleni, nikamwambia njoo nyumbani sasa hivi, akaja mbio akidhani binti yetu ameumia. Alipokuta ni mimi tu, nimesimama jikoni na sare yangu ya unesi, akashusha pumzi. Aliishusha mapema mno.

"Nyota ipi?"

"Wewe unazijua nyota ngapi za zambarau?"

Anaijua moja. Miaka mitatu iliyopita alipaka dari ya chumba cha binti yetu rangi nyeusi, kisha akatia nyota nyeupe moja moja, amesimama kwenye ngazi siku nzima, shingo imekakamaa. Mtoto alikuwa na miaka minne. Akadai moja ya zambarau, pale karibu na taa. Baba yake akamwambia nyota za zambarau hazipo.

Mtoto akamjibu, "Huku hazipo, baba. Kwenye ule ulimwengu mwingine zipo."

Tulicheka mpaka ngazi ikayumba. Akaenda dukani siku hiyohiyo kununua rangi.

"Nani alikupeleka kule?" akauliza, sauti imeshuka.

"Kazi. Wiki hii nimepangiwa kuwatembelea waliojifungua kwa upasuaji. Wa tatu kwenye orodha ndiye yeye. Mtoto ana siku kumi na mbili. Nimemaliza kumpima joto, nikainua kichwa, naona dari ya mwanangu."

"Mama, inawezekana kabisa watu wawili wakapata wazo moja bila..."

"Nikamwuliza, dada, hii nyota mbona ya zambarau? Akatabasamu, maskini. Akasema, 'Baba yake ndiye aliyeibuni. Anasema ni ya mtoto wetu peke yake.' Halafu akanionyesha picha yako ukutani. Umembeba mtoto, umevaa sweta niliyokufumia mimi."

Akavuta kiti, akakaa. Hakubisha tena.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Anajua kama una mke?"

"Hajui."

"Anajua kama una mtoto mwingine?"

Akaanza kupangusa vumbi la chaki kwenye shati.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini? Siku hao ndugu wawili wangekutana darasani kwako?"

"Mke wangu..."

"Lete simu."

Alinipa. Nadhani alikuwa amechoka kuificha. Ujumbe alionitumia mimi Ijumaa iliyopita ninaukumbuka kwa moyo: *"Mpenzi, wikiendi hii nasahihisha mitihani tena. Kwenye ulimwengu mwingine nipo nyumbani na wewe."* Niliupenda mno, nikauonyesha hadi kwa wenzangu wodini. Sasa nikaona aliomtumia yule Jumatatu: *"Mpenzi, wiki hii nipo kikazi tena. Kwenye ulimwengu mwingine nipo nyumbani na wewe."*

Alibadilisha maneno mawili matatu tu. Mengine yote ni yaleyale, na nukta mahali palepale.

Sitaki mtu adhani niliolewa na mjinga au na mhuni. Huyu mtu alikuwa akinitoa nje uani usiku, ananionyesha angani, ananiambia mwanga wa nyota ile ulianza safari kabla hatujazaliwa. Alikuwa akiniambia huenda ulimwengu wetu si mmoja, upo mwingine na mwingine bila hesabu, na katika kila mmoja kuna mimi na yeye tunaishi kwa namna nyingine. Siku aliyokuja kujitambulisha kwetu, mama yangu alimwuliza amesomea nini. Akajibu kwa heshima zote, "Mama, nasoma habari za malimwengu."

Mama akamwambia, "Hayo hata mimi nimeyasoma, mwanangu, tena bila kwenda shule."

Usiku mmoja nilimwuliza, huko kwingine nako unanipenda? Akajibu, "Popote ulipo wewe, mimi nipo." Nikamwamini. Miaka tisa nimekuwa nikibadilisha mashuka ya wagonjwa huku nikiwaza wale wenzangu wa huko, mimi wengi, kila mmoja na mume wake huyuhuyu. Nilikuwa najihisi tajiri.

"Unajua ninachoamini," akasema, macho yamejaa maji. "Kila njia ambayo mtu angeweza kupita, mahali fulani ameipita. Nilipokutana naye niliona maisha yangu mengine, yapo palepale, mlango uko wazi. Nikashindwa kuufunga. Lakini si kwamba sikupendi. Nakupenda kuliko..."

"Ngoja. Mimi nina stashahada ya uuguzi tu, ila darasa lako nimelisikiliza miaka tisa. Ulisema mtu akichagua, ulimwengu unagawanyika. Huku amebaki, kule ameondoka. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi wewe hukuchagua. Uligoma. Ulimwengu ukabaki mmoja vilevile, tukagawanyika sisi. Mimi nikapewa Jumatatu hadi Ijumaa, yeye akapewa wikiendi. Na nyota ya mwanangu ukaikata vipande viwili."

Hapo akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata alipomzika baba yake. Akanishika mkono.

"Nakuchagua wewe. Sasa hivi. Nakuchagua wewe, mama."

Moyo wangu, ule mjinga, uliruka. Nakiri. Nilikuwa tayari kumsamehe kabla hajamaliza sentensi. Ningesema nini, nampenda.

"Mpigie umwambie," nikasema. "Weka sauti kubwa."

Akabonyeza. Simu ikaita mara mbili.

"Baba! Afadhali umepiga!" Sauti ya yule dada ilijaa jikoni kwangu, changa, ina furaha. "Mwanao amepimwa leo, ameongezeka gramu mia mbili! Na nesi aliyekuja, jamani, ni mwema, sijapata kuona. Jioni unakuja?"

Mume wangu akanitazama. Nikamtazama. Nilikuwa namwombea, wallahi, kama ninavyomwombea mgonjwa.

"Nipo... nipo kwenye mkutano," akasema. "Nitakupigia baadaye."

Nikaichukua simu mkononi mwake kabla hajakata.

"Dada, usikate. Hayupo kwenye mkutano. Yupo jikoni kwangu. Mimi ndiye nesi wa asubuhi, na huyu ni mume wangu wa ndoa, huu mwaka wa tisa. Tuna binti wa miaka saba."

Nikasikia kichanga kinalia kwa mbali.

"Dada nesi, unanitania?"

"Utani wa namna hiyo siujui."

"Mbona asubuhi hukusema?"

"Nilitaka nisikie kwake kwanza. Nilikuwa naomba niwe nimekosea."

Akaanza kulia, kilio cha kujizuia, cha mtu ambaye mshono unamuuma akitikisika. Ninakijua. Nikamwambia, "Shika mto, uubane tumboni, ndio ulie. Nani yupo hapo na wewe?"

"Mama. Anafua nyuma."

"Mwite. Usinyanyue ndoo, usiinuke ovyo, kidonda hakijafunga. Jumatatu nitakuja mwenyewe kukusafisha."

"Utakuja? Kwangu?"

"Wewe hujanikosea kitu."

Nikakata. Mume wangu alikuwa amesimama, mikono imening'inia, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila jibu.

"Na mimi je?"

Nikaenda chumbani. Ilikuwa Ijumaa, begi lake la kusahihishia mitihani lilikuwa nyuma ya mlango, tayari limepangwa: mashati mawili, wembe, mswaki, na pakiti ya nepi. Nikalibeba hadi sebuleni, nikalitupa miguuni pake, nikafungua mlango.

"Niende wapi? Kule umeshaniharibia."

"Chagua."

Aliokota begi, akasimama kizingitini. Kisha akatoka, nikausukuma mlango, nikatia komeo, nikakaa palepale sakafuni na sare yangu.

Nililia nusu saa. Zaidi ya hapo isingewezekana, maana mtoto anatoka shule saa kumi.