Kioo cha Chini ya Dari

Rafiki yangu Edna, msafishaji wa jumba moja la kale, alikuwa akisugua kile kioo cha mezani ambacho wageni huinamia ili waitazame dari bila kuumia shingo. Huko darini mchoraji wa zamani alimchora Wakati kama mzee mwenye mabawa, akipaa mawinguni na mtoto mmoja mikononi.

Amos, mtunza bustani, akaingia na viatu vya tope.

"We Amos! Sakafu yangu hiyo! Mama yako hakukufunza?"

"Acha kusugua, Mama Winnie. Winnie kaanguka mtoni. Wamemtoa, anapumua. Nenda nyumbani."

Edna akainama kukusanya vitambaa vyake. Kiooni yule mzee alikuwa amebeba watoto wawili, na wa pili alikuwa na kiatu kimoja tu. Akainua macho darini: mtoto mmoja. Kiooni tena: wawili. Ukumbi ulikuwa kimya, ila maji yalidondoka mahali asipopaona.

Alikimbia gizani njia nzima. Ndivyo alivyonisimulia, na Edna si mtu wa kutunga.

Winnie alikuwa kando ya moto, ndani ya blanketi.

"Mama, kiatu kimoja kimechukuliwa na mto. Utanichapa?"

"Nitakuchapa ukishashiba."

Akapakua mchuzi wa kondoo na viazi, akawahesabu wanawe kama kila jioni. Tom, Ivy, Winnie. Wote wapo, wanakula. Akaenda kufunga pazia. Katika kioo cheusi cha dirisha aliiona meza yake, taa, na sahani zikifuka mvuke. Kiti cha Winnie kilikuwa kitupu, na kijiko chake kilikuwa kikipanda na kushuka chenyewe.